Mtu wa Sururu

Kila Ijumaa asubuhi kola ya mbwa wangu Sururu ilituma jina la mtu anayempenda zaidi kwenye kioo cha ukutani, na kwa wiki ya saba mfululizo jina hilo halikuwa langu.

MTU WAKE: SUBILAGA. ASILIMIA 81.

Chini yake, kwa herufi ndogo, yalifuata masalia. Tusekile, 11. Ambilikile, 5. Wengineo, 3. Tusekile ni mimi. Ambilikile ni mume wangu, ambaye kazi yake kubwa kwa mbwa yule ilikuwa kumpigia kelele akikuta kiatu kimetafunwa. Wengineo walikuwa wapita njia. Kwa hesabu hiyo nilikuwa karibu zaidi na wapita njia kuliko na Subilaga.

Wakati jina linatokea nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya jikoni, mbwa mwenyewe katikati ya magoti yangu, namchana. Koli wa uwandani, mbwa wa kuchunga kondoo, ana manyoya ya tabaka mbili. Ya juu ni marefu na yanamwaga mvua. Ya chini ni laini kama sufi na ndiyo yanayomkinga na baridi ya Igelelo, ambako mwezi wa saba maji ya kuku huganda. Yale ya chini yakiachwa wiki mbili husokotana nyuma ya masikio na kwenye mapaja, yakaanza kuvuta ngozi, na mbwa huumia kimyakimya. Kwa hiyo huchanwa Jumanne na Ijumaa. Aliyechana Jumanne na Ijumaa kwa miaka minne ni mimi. Aliyemtoa kupe kati ya vidole ni mimi. Aliyemleta nyumbani ana wiki nane, ndani ya sweta, akinikojolea kifuani, ni mimi; na aliyempa jina la Sururu, baada ya kufukua matuta mawili ya viazi siku hiyohiyo ya kwanza, ni mimi.

Wifi yangu Subilaga akatoka na kikombe cha chai, kitenge begani.

"Umeamkaje, wifi?"

"Salama. Na wewe?"

Sijui kama alinijibu. Sururu alikuwa ameshainuka chini ya chanuo. Hakuruka, wala hakutikisa mkia. Aliteleza tu kutoka magotini mwangu, akaniachia manyoya kwenye meno ya chanuo, akazunguka mbali kwa upande wa kuni, akajilaza kule mwisho wa ua, kidevu chini, macho juu ya Subilaga. Jicho la koli ukishaliona hutalisahau. Halipepesi. Subilaga alisimama kati yetu, mimi huku, mbwa kule, akanywa chai yake.

"Mbona huyu ananikodolea macho kama nimemwibia mfupa?"

"Anakupenda," nikasema.

"Mimi? Hata maji sijawahi kumpa."

"Ndiyo maana nashangaa."

Ambilikile akacheka kutoka ndani. "Tuse, mpe talaka huyo mbwa!"

Kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu alikumbuka dada yake yuko pale. Subilaga akaangalia ndani ya kikombe. Alikuwa amekuja kwetu miezi mitatu nyuma kutoka kwa mumewe Mbeya, na begi moja na mkono wa kushoto kwenye plasta, akasema atakaa wiki mbili. Plasta ilikuwa imeshatoka. Nani aliuvunja ule mkono tulijua sote, na hakuna aliyetaja. Mimi nilijiambia kutouliza ni heshima. Ukweli ni kwamba sikutaka kumwonea huruma mtu ambaye alikuwa ananichukulia mbwa wangu.

*

Kazi yangu ni kugeuza mbwa. Kwenye karatasi inaitwa uhamisho wa ushikamano, lakini watu wa uwandani wanasema kugeuza, na sisi wa kituo cha mifugo tumeacha kuwasahihisha.

Ilianza walipokuja nyuki. Ni vyombo vidogo vinavyoruka, vinavuma juu ya kondoo kutwa nzima, vinawakusanya na kuwarudisha bila kuchoka na bila kula. Ndani ya misimu miwili mbwa wote wa kuchunga wakakosa kazi. Watu wakawaonea huruma, wakawachukua majumbani, na ndipo tulipojifunza kwa machungu jinsi koli alivyo. Ameumbwa kukimbia kilomita arobaini kwa siku huku akifikiri. Ukimfungia kwenye ua wenye kamba ya nguo, atakula mlango. Atachunga watoto wa jirani kwa kuwang'ata visigino. Atachunga magurudumu ya magari, na hapo ndipo tulipowapoteza wengi. Mimi ndiye niliyeandika kijitabu cha kituo: mpe kazi, usimpe mpira tu; nusu saa ya kutafuta kitu kilichofichwa humtuliza kuliko saa mbili za kukimbia; na usimpe kamwe dawa ya minyoo ya kondoo, maana koli wengi ubongo wao hauna ukuta wa kuizuia, na wamekufa kwa kulamba tone lililoanguka kwenye nyasi.

Kilichotushinda ni mbwa waliofiwa. Mchungaji akifa, koli wake alilala mlangoni, akagoma kula mpaka naye akafa. Kwa ajili ya hao ndipo kofia ya kugeuzia ilipotengenezwa, na bado naamini ni kitu chema.

Jumatatu ile nilimgeuza mbwa jike wa marehemu mzee mmoja wa mtaa wa juu. Bintiye, Ipyana, alikuwa amembeba kwa mikono miwili kama mtoto. Siku tisa hajala. Nilimpa nusu ya dawa ya usingizi, kama ilivyo kwa koli, nikamvika kofia, nikaweka shati la marehemu puani mwake. Kwenye skrini ikawaka sehemu ndogo ya ubongo, ndogo kama punje ya mtama.

"Ndiye baba huyo?" Ipyana akauliza.

"Ndipo alipo. Hatumfuti. Mbwa atamkumbuka kama unavyomkumbuka jirani aliyehama."

Mwanga wa kofia hulegeza ile punje inayowaka, na kwa dakika arobaini inakuwa laini kama udongo wa mfinyanzi. Harufu, sauti na mapigo ya moyo yatakayoifikia wakati huo ndiyo itakayoyashika. Nikamwambia Ipyana amkumbatie na kumwongelesha. Akamwongelesha juu ya mazishi, nani alikuja, nani hakuja, pilau ilivyoungua. Mbwa alipoamka alimtazama, akalamba kiganja chake, kisha akalamba uji wote uliokuwa kwenye bakuli. Ipyana akalia kwa furaha mpaka kamasi zikamtoka.

Nami, nikiosha mikono, nikamwonea wivu. Mwanamke amezika baba yake juzijuzi tu, na mimi nikamwonea wivu.

Sheria ya kugeuza ni fupi. Yule ambaye kola imemtaja kuwa mtu wa mbwa lazima aweke kidole kukubali. Akiwa amefariki, ataweka mrithi wake. Mbwa haulizwi. Chuoni tulibishana sana juu ya sentensi hiyo moja, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Nilisema kiumbe asiyeweza kusema hapana asiguswe ila kwa kuokoa maisha yake. Darasa zima lilinipigia makofi.

*

Jumatano nilirudi mapema na maini ya ng'ombe. Niliyachemsha bila chumvi, nikayakatakata, nikatoka mlangoni na bakuli ili Sururu aone ni nani anayempikia.

Walikuwa chini kabisa, kwenye geti la shamba la pareto linalotokea barabarani. Subilaga alikuwa ameshika komeo. Sururu alikuwa mbele yake, amejikunja chini, kisha akapita nyuma kama kivuli, akamgusa kisigino kwa meno.

"Acha, bwana we!" nilimsikia akisema.

Akageuka. Akaanza kupanda kuja nyumbani, na mbwa akimfuata nyuma kwa kuyumba kushoto na kulia. Kwa macho yangu ulikuwa mchezo. Mchezo wao wawili.

"Sururu! Njoo!"

Aliinua kichwa. Alinitazama mara moja, upesi, kama mtu anayeangalia saa, kisha akarudisha macho kwa Subilaga. Hakuja.

"Sururu! Maini!"

Hakuja. Wifi alipofika kwenye ngazi, hatua mbili kutoka nilipo, ndipo mbwa alipojilaza kule nyuma yake, akahema, ulimi nje, uso wake umejaa raha. Mimi nimeshika bakuli. Mvuke wa maini unanipiga usoni.

"Mlikuwa wapi?"

"Kunyoosha miguu tu, wifi."

Alikuwa amevaa viatu vyake vya safari na mkoba begani. Niliviona kwa macho, lakini akili yangu ilikuwa kwa mbwa. Niliweka bakuli chini, nikaingia ndani, nikachukua kishikwambi cha kazi, nikafungua fomu. Wakati huo nilikuwa mtulivu sana. Nilikuwa nimepata dawa ya ugonjwa wangu na nilikuwa naijua dozi.

"Wifi, niwekee kidole hapa."

"Cha nini?"

"Mambo ya mbwa. Ya kituo."

"Atachomwa sindano? Ataumia?"

"Hataumia."

Akaweka kidole gumba chake juu ya kioo bila kusoma. "Haya," akasema, akicheka, "nami leo nimemfanyia kazi."

*

Jumamosi mchana daktari mkuu alikuwa Mbeya kwenye mkutano. Nilifunga geti la kituo kwa ndani.

Sururu alipanda mezani mwenyewe. Anapajua, hapo ndipo ninapompima nyonga kila baada ya miezi sita, maana koli wakizeeka nyonga ndizo huanza kuwasaliti. Nilimpa nusu dozi. Nilimvika kofia. Nikaweka kitenge cha Subilaga puani mwake, nikageukia skrini.

Ilikuwa giza. Palikuwa na wekundu kidogo, wa mbwa anayenusa mtu wa nyumbani, basi. Punje haikuwaka.

Mwongozo wetu uko wazi: harufu ya mtu wake isipoiwasha punje, simama, mtu si huyo. Mimi mwenyewe huwa nausoma kwa sauti mbele ya wanafunzi wa mafunzo. Lakini nilikuwa na kola, na kola ilikuwa imesema asilimia themanini na moja, na nilikuwa na wiki nane za Ijumaa. Nikasema mtambo umepata baridi. Nikausukuma mezani, nikagonga ubavu wake.

"Tulia, baba," nikamwambia Sururu, nikiinama. "Tulia, tunamaliza sasa hivi."

Punje ikawaka. Iliwaka nzima, nyeupe, mpaka ikamwagikia pembeni. Sijawahi kuona nyingine kama hiyo.

"Haya, umeamka," nikauambia mtambo, na nikabonyeza.

Kwa dakika arobaini nilimkumbatia. Nilimwimbia. Nilimweleza jinsi nitakavyomchana, nitakavyompikia. Nilimwambia jina langu mara nyingi, Tusekile, Tusekile, kama mtu anayeandika jina lake kwenye kitu kisiibwe.

Alipofungua macho, alinitazama. Alinitazama mimi tu. Akaweka kichwa chake chini ya mkono wangu na kukisukuma, na nikaanza kulia.

Siku zilizofuata sikutembea peke yangu. Alinifuata shambani, jikoni, chooni. Nikiketi, alikaa juu ya miguu yangu. Nikifunga mlango, alilia nje yake. Kuku walipita mbele ya pua yake, naye hakuwageuzia hata sikio. Nilikuwa na furaha ya kijinga, na nilihakikisha Subilaga anaiona. Alipotoka na kikombe chake asubuhi, nilikuwa nikisema kwa sauti, "Sururu, baba, unamtaka nani?" na yeye akinilamba kidevu. Ijumaa kioo kiliandika: TUSEKILE, ASILIMIA 97.

"Hongera," Ambilikile akasema, akitafuta viatu vyake. Akasimama kidogo, akamtazama mbwa. "Lakini huyu mbwa amepoa, au ni macho yangu?"

"Ametulia."

"Mm. Ametulia kama mto wa kochi."

Subilaga alimtazama Sururu, kisha akaenda kuosha kikombe.

*

Mchana wa Ijumaa hiyohiyo Lwitiko alikuja kituoni. Ni fundi wa nyuki, anawatengeneza vizuri na kuwatukana siku nzima, na kwa ukaidi tu bado anafuga kondoo sita na mbwa mmoja anayeitwa Afande. Alikuwa amemleta kondoo mwenye ugonjwa wa kwato. Afande akaja nyuma yao, mkia chini, macho mbele.

"Dokta, shemeji yangu, nitibie huyu bibi. Amenichosha."

Nikafungua fomu. Kwenye fomu huwa tunaandika wanyama wote walioingia. "Kola ya Afande inasema mtu wake ni nani? Wewe?"

"Ah! Hiyo takataka." Akampiga kondoo kofi kwenye tako. "Mtu wake ni huyu hapa."

"Nani?"

"Huyu. Hereni yake namba arobaini na mbili. Asilimia tisini! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Sasa ananiambia niende nikatoe mahari kwa kondoo."

Nilicheka naye. "Kwa nini kondoo?"

"Kwa sababu ana kwato mbovu. Anabaki nyuma, anapotea kila siku. Sasa Afande afanye nini? Hamwondolei jicho, hamwachi. Kola inaona jicho, inaona ukaribu, inasikia moyo wa mbwa uko kazini, inasema mapenzi. Waliotengeneza hiki kitu wanafuga mbwa wa kulala kwenye makochi."

"Na wewe una ngapi?"

"Nne." Alisema kwa majivuno kabisa. "Mimi ananiweka ng'ambo. Hebu ona."

Akatembea kwenda upande wa kulia wa ua. Afande akainuka, akazunguka kushoto. Lwitiko akarudi kushoto. Afande akaenda kulia. Popote alipokwenda mtu, mbwa alikwenda mbali naye, upande wa pili, na kondoo daima alikuwa katikati, akisogea hatua kwa hatua kumwelekea bwana wake.

"Umeona? Ananiletea. Mimi nilipo ndipo nyumbani, na kila kinachopotea lazima kiletwe kwangu. Huyu hajui kumpenda mtu kwa kumkalia mapajani." Akamwona Sururu, aliyekuwa amelala juu ya viatu vyangu. Akachuchumaa. "Na huyu wako vipi? Anaumwa?"

Nilikuwa naona ua wa kwetu. Kuni upande ule, ngazi upande huu, na Subilaga katikati na chai yake. Niliona punje ikiwaka nyeupe pale nilipoinama na kusema tulia, baba. Mtambo ulikuwa mzima. Mwanga ule ulikuwa wangu. Nilikuwa nimechukua upendo alioujenga mwenyewe kwa miaka minne, nikaulegeza, nikabandika mahali pake kitu cha dakika arobaini.

"Lwitiko," nikasema. "Mbwa akimzungukia mtu. Mtu mzima. Kila siku."

Akainua mabega. "Basi huyo mtu anataka kwenda zake. Hapo huwa hawakosei."

Ndipo nikaviona vile viatu vya safari.

*

Nilipofika nyumbani, chumba cha Subilaga kilikuwa kimefagiwa. Shuka zilikuwa zimekunjwa, ufunguo juu yake. Geti la pareto lilikuwa wazi.

Nilikimbia barabara nzima mpaka kituo cha basi, na Sururu akikimbia kwenye goti langu, akinikwaza. Nilimwelekeza mkono kule mbele, nikampigia mluzi wa zamani wa kumtuma mbali. Aliuangalia mkono wangu. Akauangalia uso wangu. Akatikisa mkia.

Subilaga alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya bati, begi pembeni.

"Usinishike," akasema kabla sijamfikia.

Nikasimama pale nilipokuwa. "Unarudi kwake?"

"Kwingine nitakwenda wapi? Kwenu nimekuja kwa wiki mbili. Unadhani sioni, wifi? Chumbani kwangu unaingia kama mtu anayeingia stoo. Nikiketi mahali, unahama."

"Ni kwa sababu ya mbwa."

"Kwa sababu ya nini?"

"Nilikuonea wivu. Kola ilisema anakupenda wewe kuliko mimi."

Akavua kiatu, akapandisha sketi, akanigeuzia kisigino. Kulikuwa na alama ndogo za meno, nyingine mbichi, nyingine zimeshafunga, nyingine zimebaki weupe tu. Hazikuwa zimepenya. Mimi ambaye natibu kila kinachotembea Igelelo sikuwahi kuziona.

"Haya ndiyo mapenzi yake. Kila nikifika pale getini. Siku moja nilimpiga teke. Akaenda, akarudi, akaning'ata taratibu tena, kama mtu anayekuvuta nguo. Leo nimefungua geti, nikamsubiri." Sauti yake ikapungua. "Nimesimama pale, wifi, nadhani dakika kumi. Hakuja. Nikasema basi, hata yeye amenichoka."

"Hakukuchoka. Nilimgeuza."

Nikamweleza. Nilieleza kidole, kitenge chake puani, skrini ya giza niliyoipuuza. Sikupunguza kitu. Aliposikia neno kidole alikiangalia kidole gumba chake, akakifuta kwenye sketi.

"Ulinidanganya nikuwekee sahihi ya kumharibu."

"Ndiyo."

"Mrudishe alivyokuwa."

"Siwezi. Alivyokuwa alijifanya mwenyewe. Nikimfungua mara ya pili nitapata kitu kingine tena nilichokitaka mimi. Sitamgusa. Nitamfundisha kazi upya, na kuku, na chochote, na akikataa, amekataa."

Sururu alikuwa ameegemea mguu wangu, macho juu, akinitazama kama hakuna kitu kingine duniani. Subilaga akanyoosha mkono, akamkuna nyuma ya sikio. Hata hakugeuka.

Basi likaja, tupu, bila dereva, likasimama mbele yetu. Mlango ukafunguka. "Abiria wawili na mnyama mmoja," sauti yake ikasema kwa adabu. "Je, mnapanda?"

Subilaga akainuka na begi lake. Mikono yangu ilitaka kumkamata. Niliifunga nyuma ya mgongo, kidole juu ya kidole.

"Tafadhali pandeni. Mlango utafungwa."

"Wewe nawe, subiri!" Subilaga akaifokea. "Huoni watu wanaongea?"

"Samahani. Siwezi kusubiri maongezi. Gari linalofuata ni kesho, saa nne asubuhi."

Mlango ukafungwa. Basi likaondoka, likateremka kona, vumbi lake likatufunika, tukapiga chafya wote watatu. Subilaga akaketi tena. Akaweka begi katikati ya miguu yake na kulishika kwa mikono miwili, ule mzima na ule uliovunjwa.

"Sijasema nabaki," akasema.

"Nimesikia."

"Una mpaka kesho saa nne. Njoo ukae hapa, uniambie kwa nini nibaki." Akaniangalia. "Na mbwa usimtaje."